Mahari Si Bei: Historia ya Mnada Unguja na Ulimi Wetu Siku ya Posa



Kila biharusi wa Unguja anaijua njia ya Darajani. Kabla ya hina na kabla ya singo kuna kupita madukani na mama, shangazi na somo: doti za kanga, mashuka, udi, vikombe vya kahawa, chetezo. Soko lile limesimama pale tangu mwaka 1904, na bibi zetu walikwenda huko huko kutafuta vitu vya harusi zao. Ukikaribia upande wa samaki unasikia sauti moja imezipita zote. Ni dalali ananadi. Samaki wamepangwa mafungu, wanunuzi wamemzunguka, mmoja anataja bei, mwengine anaongeza, dalali anairudia kwa sauti kubwa mpaka anakosekana wa kuongeza. Fungu limepata mwenyewe.

Sasa toka sokoni, vuka barabara, ingia mitaa ya Mkunazini. Ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Hapo palikuwa na mnada mwengine, na kilichonadiwa hakikuwa samaki.

Leo tunataka kuzungumza juu ya minada hii miwili, na juu ya maneno ya kuuza na kununua ambayo hutoka sokoni yakaingia mpaka kwenye barza za posa. Tumeona ni vyema biharusi aijue habari hii kabla hajaulizwa mahari yake.

Maneno yaliyokuja na majahazi

Kiswahili chetu kimekulia sokoni na bandarini. "Kuuza" na "kununua" ni maneno ya asili ya Kibantu, lakini tazama yanayoyazunguka. "Soko" limetoka kwenye Kiarabu, "duka" pia, na "bidhaa", "faida", "hasara", "thamani", "rahisi" na "ghali". "Pesa" na "laki" yamekuja kutoka Bara Hindi. Nguo tunazihesabu kwa doti, na wafanyabiashara wa zamani walizihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Hata pale Forodhani tunapokwenda jioni kula urojo na mishikaki, jina lake limetokana na forodha, nyumba iliyotozwa ushuru wa kila kilichoshuka na kilichopakiwa.

"Dalali" kwa asili ni mwenye kuonyesha njia: anamwelekeza mnunuzi kwa muuzaji. "Bei" ni lile neno la Kiarabu lenye maana ya mauzo. Na "mnada" unatokana na nidaa, yaani wito wa sauti. Anayenadi ni mwenye kuita.

Hapa kuna jambo zuri la kulizingatia. Katika Suratul Jumua, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha waumini kwamba ukisikika wito wa sala ya Ijumaa, waharakie kumkumbuka Yeye na waache biashara. Wito uliotajwa katika aya hiyo una asili moja na mnada wetu, na biashara inayoachwa ni ile ile "bei" yetu. Maneno mawili ya soko yamekutana katika aya moja, na mpangilio wake uko wazi: wito wa Mola uko juu, biashara iko chini yake. Biashara ina mahali pake na ina wakati wake, na ikiitwa iondoke, inaondoka.

Mnada una adabu zake

Uislamu haukuuchukia mnada. Imamu Abu Daud na Imamu Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) habari ya mtu mmoja katika Ansari aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba msaada. Akamuuliza nyumbani kwake kuna nini. Hakikuwepo ila kipande cha nguo, akijifunika na kujitandikia, na chombo cha kunywea maji. Mtume (S.A.W.) akaagiza viletwe, akavishika mkononi mwake, akauliza nani atavinunua. Mmoja akatoa dirhamu moja. Akauliza nani anaongeza. Mwengine akatoa mbili, akapewa. Zile dirhamu mbili akapewa mwenye mali: moja anunue chakula cha watu wake, ya pili anunue shoka. Akaenda kukata kuni na kuuza, akaacha kuomba.

Basi mnada ni halali, na unaweza kumtoa mtu kwenye dhiki. Lakini umewekewa mipaka, na miwili katika hiyo inatuhusu sana leo.

Wa kwanza ni katazo la najshi. Hii ni hila ya mtu kutaja bei kubwa na ilhali hana nia ya kununua. Amepangwa, au amejipanga mwenyewe, ili mnunuzi wa kweli apande juu. Mtume (S.A.W.) ameikataza, na katazo hilo limo katika Bukhari na Muslim.

Wa pili ni katazo la kuingilia biashara ya mwenzio. Watu wawili wakishaelewana, wa tatu asije na lake akavuruga. Na hapa, dada zetu, msome vizuri, kwa sababu hadithi hiyo hiyo iliyokataza mtu kuuza juu ya uuzaji wa ndugu yake imekataza pia mtu kuposa juu ya posa ya ndugu yake. Makatazo mawili yamewekwa pamoja, la soko na la posa.

Kwa nini? Si kwa sababu mke ni bidhaa. Ni kwa sababu mtu anayekwenda posa anaweza kuingiwa na tabia za mnadani: kushindana, kupandiana, kufanyiana hila. Sheria imezijua tabia hizo ikazifungia mlango sehemu zote mbili.

Siku watu waliponadiwa

Sasa turudi Mkunazini. Habari hii si nyepesi, lakini ni ya mji wetu na hatuna wa kumwachia.

Mwanzoni mwa mwaka 1811 kapteni Mwingereza, Thomas Smee, alitia nanga Unguja na meli yake Ternate. Akaandika alichokiona katika soko la watumwa la wakati ule. Anasema mnada ulianza alasiri. Watu walipangwa mstari mmoja, aliye mdogo mbele na wakubwa nyuma. Ngozi zao zilisafishwa na kupakwa mafuta ya nazi, nyuso zikachorwa mistari myekundu na myeupe, na mikononi, masikioni, puani na miguuni wakavishwa mapambo. Mwenye kuwauza alitangulia mbele, wakapitishwa sokoni na katika njia kuu za mji, naye akitangaza sifa zao na bei. Akitokea aliyemtamani mmoja, mstari husimama. Hapo mnunuzi humkagua kama akaguavyo mnyama: meno, macho, viungo. Smee anaeleza kwamba wanawake na wasichana nao walikaguliwa hivyo hivyo, mbele ya macho ya watu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu kwa ajili ya maharusi, habari ile ya mafuta na mapambo imetukaa moyoni. Mafuta ya nazi tunayajua, ndiyo somo anayompaka mwari. Mikufu na bangili tunazijua. Vitu ni vile vile, lakini mmoja anapambwa kwa sababu anapendwa, na mwengine alipambwa kwa sababu anauzwa. Tofauti haimo katika pambo. Imo katika suali moja tu: huyu aliyepambwa, neno lake linasikilizwa?

Maelfu walifikishwa hapa kila mwaka, wengi kutoka nchi za karibu na Ziwa Nyasa wakipitia Kilwa. Aliyefika karibuni, asiyejua lugha wala desturi za pwani, aliitwa mjinga. Neno hilo leo tunamwambia mtu yeyote asiyejua jambo, na hatukumbuki kwamba walioitwa hivyo wakati ule walikuwa watu walioporwa kwao. Aliyezaliwa hapa utumwani aliitwa mzalia. Mwanamke wa kazi alikuwa mjakazi. Aliyewekwa na bwana wake kama mke bila ya ndoa aliitwa suria. Na mtu huru aliitwa muungwana, neno ambalo leo limebakia na maana ya mtu mwenye adabu.

Lazima tuseme kweli. Wengi katika wauzaji na wanunuzi walikuwa Waislamu, watu waliokuwa wakisali. Wanawake wenye mali nao walimiliki watumwa. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kitabu chake cha maisha yake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, aliwamiliki. Na mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa suria. Alikuwa Mcherkesi aliyenyakuliwa na wavamizi baada ya wazee wake kuuliwa, akafika katika nyumba ya Seyyid Said angali mtoto wa miaka kama saba au minane. Mtoto huyo alikuwa na mama na baba, na jina ambalo wao ndio walimpa.

Wala watu hawakukosa ilmu ya jambo hili. Katika Sahih Bukhari imo hadithi ambayo Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaokuwa Yeye ndiye hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wangapi katika waliosimamishwa mnadani walizaliwa huru, wakatekwa usiku au wakahadaiwa njiani? Lakini lugha ya soko ina nguvu. Mtu akishaitwa fungu, akishapewa bei, anayemtazama haoni tena mtoto wa watu. Anaona rahisi au ghali.

Soko lilifungwa mwaka 1873. Seyyid Barghash bin Said alitia saini mkataba tarehe 5 Juni ya mwaka huo, baada ya Waingereza kumbana na kutishia kuzingira kisiwa kwa manowari zao. Kabla ya mwaka kwisha, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale, chini ya usimamizi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Kanisa hilo lipo mpaka leo. Uwanjani kwake kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ukipita, simama kidogo. Huhitaji kuwa wa dini ile kuwaombea rehema na kuzingatia.

Kufungwa kwa mnada hakukuwa mwisho wa utumwa. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa na Seyyid Hamoud bin Mohammed mwezi wa Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Na masuria waliachwa nje ya amri ile. Ikasemwa kwamba wao ni kama wake, hivyo haki zao zinajulikana katika sharia. Wakangoja mpaka 1909. Miaka kumi na mbili zaidi, kwa sababu ya neno "kama".

Mahari ya mjakazi na mahari ya muungwana

Hapa ndipo tulipotaka kufika.

Katika vitabu vya fiqhi kuna mas-ala ambayo siku hizi hayasomwi sana, kwa kuwa walengwa wake hawapo tena. Mjakazi akiolewa, mahari yake ni ya nani? Jawabu la wanazuoni ni kwamba ni ya bwana wake. Yeye ndiye anayeolewa, yeye ndiye anayehama, yeye ndiye atakayezaa, lakini kinachotolewa kwa ajili yake kinaingia mkono mwengine.

Na mwanamke huru? Mahari yake ni yake. Si ya baba, si ya mjomba, si ya kaka, wala mume hana njia ya kuyarudia. Aya ya nne ya Suratun Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao kuwa ni kipawa, na wakiridhia wenyewe kwa nafsi zao kumwachia mtu chochote katika hayo, basi ni halali kwake. Wafasiri wametaja kwamba kabla ya Uislamu, mtu akimwoza binti yake alikuwa akiyachukua mahari yeye, na aya ikaja kulikata jambo hilo.

Tafakari maana yake kwa mwanamke wa Unguja aliyeachwa huru baada ya 1897. Tunajua kwamba wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za utumwa, walizivua wakanunua kanga za rangi kwa pesa zao wenyewe, kwa sababu kanga ilitangaza kwamba sasa yeye ni mtu miongoni mwa watu. Kwa sharia, kitu kingine nacho kilibadilika: akiolewa, mahari yanatua mkononi mwake. Kanga watu waliiona kwa macho. Mahari ilikuwa hati ya uhuru aliyoishika mwenyewe.

Kwa hivyo, dada, mahari yako hayaelezi wewe una thamani gani. Yanaeleza kwamba wewe ni muungwana, na kwamba hakuna aliyekumiliki ili akuuze. Na mzee anayeyapokea kisha akayafanya yake bila ya ridhaa ya binti, huenda hakukusudia ubaya, huenda ndivyo alivyowakuta waliomtangulia. Lakini ajue amekaa kwenye kiti cha nani. Amekaa kwenye kiti cha bwana wa mjakazi.

Dalili nyengine kwamba mahari si bei ni hii. Mauzo bila ya bei hayasihi. Ukimwambia mtu nimekuuzia na bei haikujulikana, hapana biashara hapo. Lakini ndoa, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi, nguzo zake ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Mahari yasipotajwa katika akdi, ndoa inasihi, na mke anastahiki mahari ya mfano, yaani mfano wa wanayoolewa nayo wenzake katika jamaa zake. Lau ndoa ingekuwa ni mauzo, isingesimama bila ya bei. Ni kweli wanazuoni hulinganisha baadhi ya hukumu za mahari na za biashara ili kurahisisha ufafanuzi. Lakini kulinganisha hukumu si kumgeuza mtu kuwa bidhaa.

Maneno tuliyobakia nayo

Mnada wa Mkunazini umefungwa miaka mingi. Je, na lugha yake tumeifunga?

Msichana akichelewa kuolewa tunasema "amedoda". Kudoda ni kwa bidhaa iliyokosa mnunuzi, kama samaki wa jana. Tunasema "hana soko". Tunamwambia binti "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Methali hiyo ni nzuri kwa mfanyabiashara, lakini tukiitundika juu ya shingo ya mtoto wa kike tumemweka mezani, tunabishana tu kama ajiuze au ajitembeze. Harusi ikipita, wa kwanza kuuliza anauliza, "Kaolewa kwa milioni ngapi?" Na jibu likiwa dogo, mtu anavuta mdomo: "Wamemtoa rahisi."

Rahisi. Neno lile lile la dalali.

Na najshi tunayo. Posa imekuja ya kijana wa watu, mwenye dini na kazi yake. Barzani mzee mmoja anadokeza kwamba kuna mwengine naye ameshaulizia, tena yuko nje, ana uwezo. Huyo mwengine hayupo. Ametiwa ili kijana apande. Mtu huyo huyo akifanyiwa hila kama hiyo kwenye fungu la jodari atalalamika kwamba ameibiwa, lakini kwenye posa ya binti yake anaona ni ujanja wa mjini.

Matokeo yake tunayaona. Vijana wanaakhirisha ndoa. Wengine wanaingia kwenye deni kabla hawajaingia chumbani. Sayyidna Umar (R.A.) alisimama kuwahutubia watu akawakanya wasivuke mpaka katika mahari, akawaambia kwamba lau kuzidisha kungekuwa ni utukufu wa dunia au uchamungu mbele ya Allah, basi wa kwanza kufanya hivyo angekuwa Mtume (S.A.W.). Na akataja kwamba mtu huzidishiwa mahari mpaka moyoni mwake ikaingia chuki juu ya mkewe. Chuki hiyo haiandikwi kwenye cheti cha ndoa, lakini mke anaiishi.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa mahari ya wakeze Mtume (S.A.W.), hesabu aliyoitaja ilifika dirhamu 500. Na Mtume huyo huyo alimwambia Sahaba aliyekuwa hana kitu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamwoza kwa Qur-ani aliyoihifadhi. Wote wale walikuwa wake waheshimiwa. Hakuna aliyeambiwa ametolewa rahisi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi biharusi ajinyime. Mahari ni haki aliyopewa na Mola wake, na anaweza kutaja anachokitaka: dhahabu, pesa taslimu, kitanda na kabati, ada ya masomo, safari ya Umra. Kutaka kidogo sana kwa kuona haya, na huku moyo unataka chengine, si lazima nako. Tunachosema ni kwamba yakitajwa, yatajwe kama haki na kipawa, na atakayeyataja awe yeye.

Siku utakapoulizwa

Basi mwari wetu, siku atakapokuja walii wako au shekhe kukuuliza mahari yako, haya ndiyo tunayokuusia.

Uwe umeshafikiri. Zungumza na mama, zungumza na somo, muulize mtu mwenye ilmu, lakini usingoje siku ile ukasema "chochote" kwa woga, kisha ukanung'unika baadaye.

Tofautisha mahari na mengineyo. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni desturi za heshima kwa wazee, na wazee wanastahiki heshima. Lakini yatajwe kwa majina yake yenyewe, yasimegwe kutoka kwenye haki yako bila ya wewe kujua.

Yaandikwe. Kilichotolewa taslimu kiandikwe, na kilichobakia deni kiandikwe. Wahenga wetu wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuitumia busara ya soko: katika kuhifadhi haki yako.

Ukitaka kumwachia mumeo kitu katika hayo, mwachie, ni sadaka nzuri. Lakini iwe baada ya kuyashika, kwa moyo mweupe, bila ya kusukumwa na mtu.

Na sisi tuliobaki, mama, mashangazi, mawifi na majirani, tuna kazi yetu. Tukimkuta biharusi tumuulize, "Umeridhika?" Hilo ndilo suali ambalo hapana mtu aliyemuuliza yeyote kati ya wale waliopitishwa njiani wamepakwa mafuta ya nazi na kuvishwa bangili. Tumpe mwari wetu suali hilo, na tungoje jawabu lake. Hata akinyamaza kwa haya, tumpe nafasi tena, faragha, na mama au somo wake.

Ukenda Darajani wiki hii kuchagua kisutu chako, pigana na bei utakavyo. Mwambie muuzaji apunguze, geuka uondoke, akuite urudi. Yote hayo yana mahali pake na yana raha yake. Ukimaliza, shika mfuko wako, vuka barabara, pita Mkunazini. Wasomee dua wote waliosimamishwa pale. Kisha rudi nyumbani ukajitayarishe kwa ndoa yako, wewe muungwana, mtoto wa watu, uliyeombwa kwa posa na hukununuliwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa za dada zetu wote, awape waume wema wenye kuwaogopea Mola wao, awape subira waliochelewa na awajaalie kheri, na azitakase ndimi zetu na kila neno linalomshusha aliyemkirimu Yeye. Amin.